Kuchagua kipanya chenye vitufe vya ziada kitakachodumu Unguja na Pemba

Ukiingia duka lolote la kompyuta, Darajani au Chake Chake, kipanya utaoneshwa kwa taa zake na kwa namba ya DPI, yaani kipimo cha mwendo wa mshale, iliyoandikwa kubwa juu ya boksi. Hayo mawili ndiyo ya mwisho kuyaangalia. Ya mwanzo ni matatu, na mpangilio wake una maana: kinavyokaa mkononi mwako, kilivyoundwa kuvumilia chumvi na unyevu wa visiwani, kisha ndiyo vitufe vya ziada. Wengi huanza na vitufe. Mtu anarudi nyumbani na kipanya chenye vitufe 12 ubavuni, mwezi haujaisha anatumia viwili tu, na kifundo cha mkono kinamuuma.

Haya ninayoyaeleza yanamhusu anayekaa mbele ya kompyuta kutwa nzima: karani wa hoteli, mhasibu, mfasiri, mchoraji wa ramani za nyumba, mhariri wa video za harusi. Kama kazi yako ni kufungua barua pepe asubuhi na jioni, chukua kipanya chochote kinachofanya kazi, usijisumbue.

Hatua ya 1: Pima mkono kabla ya kuuliza bei

Chukua rula. Kunjua kiganja, pima kuanzia mstari wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Chini ya sentimita 17 mkono wako ni mdogo, kati ya 17 na 19 ni wa wastani, zaidi ya 19 ni mkubwa. Sasa linganisha na vipanya vyenyewe. Logitech G502 ina urefu wa milimita 132. MX Master 3S ya kampuni hiyo hiyo ni kama milimita 125, na uzito wake gramu 141. Logitech Lift, iliyotengenezwa kwa mikono midogo na ya wastani, ni milimita 108. Tofauti ya sentimita mbili na ushei kwenye karatasi ni ndogo; kwa kidole gumba kinachotafuta kitufe siku nzima ni kubwa.

Kisha jitazame unavyokishika. Wapo wanaolaza kiganja chote juu ya kipanya, wapo wanaokunja vidole na kugusisha nyuma ya kiganja tu, na wapo wanaokiendesha kwa ncha za vidole. Anayelaza kiganja anataka kipanya kirefu chenye mgongo ulioinuka, na uzito haumsumbui. Wa ncha za vidole akipewa kipanya cha gramu 140 atachoka, kwa sababu yeye hukinyanyua na kukiweka tena mara nyingi bila mwenyewe kujua.

Jaribio moja linashinda maelezo yote ya boksi. Weka mkono juu ya kipanya kama unavyofanya kazi kweli, fumba macho, bonyeza kila kitufe cha ubavuni bila kusogeza kiganja. Kitufe kinachokulazimisha uinue mkono au upindishe kifundo, kihesabu kama hakipo. Halafu kishike kipanya kwa nguvu kidogo, ukinyanyue, ukitue. Kama kitufe kimebonyezeka chenyewe, kitakubonyezekea kila siku, na siku moja kitafuta kitu usichotaka kifutwe. Kwa jaribio hili tu, kipanya cha vitufe 11 mara nyingi hugeuka kuwa cha saba.

Mwenye maumivu ya kifundo afikirie kipanya cha kusimama, ambacho mkono unakaa ubavu kama unapompa mtu mkono. MX Vertical imeinuliwa nyuzi 57. Siku za mwanzo mshale utakukimbia na utahisi umerudi darasa la kwanza; baada ya muda mkono huzoea. Njia nyingine ni kipanya cha tufe, kama Logitech Ergo M575, ambacho hakisogei mezani kabisa, kidole gumba ndicho kinachozungusha tufe. Hiki kinafaa sana ofisi ndogo ambapo meza imejaa mafaili na kipanya kina nafasi ya kiganja tu. Lakini kama maumivu yako tayari yako kwenye gumba, kiepuke.

Ukihisi ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, hasa usiku, hapo kuna mshipa wa fahamu unaobanwa kifundoni. Nenda hospitali. Hakuna kipanya kinachotibu hilo.

Mashoto wana kazi zaidi. Vipanya vingi vyenye vitufe vya ziada vimepindwa kwa mkono wa kulia. Lift ina toleo la mkono wa kushoto, ingawa dukani kwetu mara nyingi utaambiwa uagize. La kama huwezi kusubiri, tafuta kipanya kilicholingana pande zote mbili na ugeuze vitufe kwenye mipangilio ya kompyuta. Angalia tu vitufe vya ubavuni viko upande gani, maana vikiwa upande mmoja gumba lako halitavifikia.

Hatua ya 2: Kichague kwa ajili ya hewa yetu

Hapa ndipo ushauri ulioandikwa kwa watu wa Ulaya unapowapotosha wa huku. Kwao kipanya hukaa kwenye chumba kikavu. Chetu hukaa karibu na dirisha lililo wazi kwa upepo wa bahari, kinashikwa na mkono wenye jasho wakati wa kaskazi, na masika inapoingia hata karatasi ndani ya kabati zinalegea.

Anza na ngozi ya nje. Vipanya vingi vya bei ya juu vimepakwa mpira laini unaopendeza ukiugusa dukani. Joto, jasho na unyevu huuvunja ule mpira taratibu, ukaanza kunatanata, ukashika vumbi, mwisho ukabanduka vipande vipande. Ukishafikia hapo hauoshwi ukarudi. Unaufuta wote kwa spiriti na kubaki na plastiki tupu. Mimi nachagua plastiki ngumu yenye mkwaruzo au mistari ya kuzuia kuteleza, au kipanya chenye mpira sehemu ndogo tu ya ubavuni.

Kuna mtindo wa vipanya vyepesi vilivyotobolewa matundu mgongoni. Mkono hupumua, ni kweli. Kwa aliye Paje au Nungwi, mita chache kutoka mchangani, matundu hayo ni milango ya chumvi na mchanga kuingia moja kwa moja kwenye ubao wa umeme. Viache.

Ndani ya kipanya, chini ya kila kitufe, mna swichi ndogo yenye ulimi wa chuma unaogusana na ncha ya chuma. Hiyo ndiyo inayotoa ule mlio. Boksi litakwambia swichi zinahimili mibofyo milioni 20, 50 au 80. Fanya hesabu: anayebofya mara 5,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, atachukua zaidi ya miaka 13 kumaliza milioni 20. Mbona basi vipanya vinaharibika baada ya miaka miwili? Kwa sababu zile ncha za chuma hushika utando wa kutu usioonekana kwa macho. Umeme unaopita hapo ni mdogo mno, hauwezi kuuchoma ule utando, kwa hiyo mguso unakuwa wa kusitasita: unabofya mara moja, kompyuta inasikia mara mbili. Au unaburuta faili kulipeleka mahali, linaanguka njiani. Hewa yenye chumvi huharakisha ugonjwa huu.

Dawa yake ipo. Baadhi ya vipanya, hasa vya kampuni ya Razer vya miaka ya karibuni, vina swichi za mwanga: mwale unakatizwa na kitufe, hakuna chuma kinachotegemewa kugusana. Kwa mtu wa pwani hiyo ni sifa ya kulipia. Kama bajeti haifiki huko, tafuta kipanya chenye swichi za jina linalojulikana, kama Omron au Kailh, na ambacho skrubu zake zinafikika, ili siku ya ugonjwa fundi aingie ndani. Nitalirudia hili mbele.

Gurudumu nalo lina udhaifu wake. Kwenye vipanya vingi mzunguko wake husomwa na vijino vya chuma vinavyogusana, na vumbi likiingia unashusha ukurasa unarukia juu. Magurudumu yanayosomwa kwa mwanga au kwa sumaku yanavumilia zaidi. Wachoraji wa ramani wawe makini hapa kuliko wote, kwani wao hubonyeza gurudumu kusogeza mchoro mamia ya mara kwa siku. Gurudumu lao liwe jepesi kubonyezwa na gumu kiasi kuzungushwa. Likiwa kinyume chake kidole kitalalamika.

Kuhusu betri, wasiotaka kuchaji wanapenda betri za kawaida za AA. Logitech M720 hutumia moja, na kampuni inasema inaweza kufika miezi 24. Uzuri wake ni kwamba AA inapatikana hata duka la kona Wete. Ubaya ni kuvuja. Betri rahisi ikisahauliwa ndani huvuja na kula chemchemi ya chuma, kwa hiyo kipanya unachokiweka kabatini kitoe betri kwanza. Ikishavuja, futa kwa pamba iliyochovywa siki kidogo, kausha vizuri, utaokoa mengi. Betri ya kuchaji iliyojengwa ndani haina taabu hiyo, ila itachoka baada ya miaka kadhaa, na hapo suala ni lile lile: kipanya kinafunguka au kimegundishwa?

Hatua ya 3: Hesabu kazi, si vitufe

Kabla hujanunua, weka kikaratasi kando ya kibodi siku moja ya kazi. Kila unapotumia vitufe viwili au vitatu vya kibodi kwa pamoja, kunakili, kubandika, kutendua, kuhifadhi, kufunga kichupo, tia alama. Jioni utaona mambo manne au matano ndiyo yaliyojirudia. Hiyo ndiyo idadi ya vitufe vya ziada unavyohitaji. Wachache hufika zaidi ya sita.

Karani wa ofisi ya watalii au hoteli anaishi kwenye kivinjari. Vitufe viwili vya ubavuni, nyuma na mbele, vinafanya kazi humo bila programu yoyote, kwa sababu Windows inavitambua yenyewe. Mwongezee kunakili na kubandika, atahamisha jina la mgeni, namba ya pasi na tarehe ya kuwasili bila mkono kwenda kibodi na kurudi.

Mhasibu ana jedwali pana kuliko kioo. Yeye anahitaji kwenda kushoto na kulia kuliko kitu kingine. Atafute gurudumu linaloinama pande mbili, kama la G502, au gurudumu la pili la gumba kama la MX Master. Akishalizoea hilo hatarudi kwenye kipanya cha kawaida.

Mfasiri, na kazi hii imeshika kasi kwa vijana wetu wanaojua Kiswahili sanifu, apange kitufe kimoja kuthibitisha sentensi na kwenda inayofuata, kingine kutafuta neno lililochaguliwa kwenye kamusi. Vyengine ni ziada.

Mhariri wa video za harusi ndiye anayefaidi zaidi. Harusi moja ina kamera mbili au tatu, picha za saa nyingi, na mwenye shughuli anataka kazi yake haraka. Kukata, kufuta kipande na kuziba pengo, kutendua, kucheza na kusimamisha: hayo manne yakiwa chini ya gumba, mkono wa kushoto unabaki huru kwenye kibodi. Hapa hata Razer Naga yenye vitufe 12 ubavuni inaweza kuhalalishwa, ilimradi mwenyewe ana subira ya kuvijifunza. Vijifunze viwili viwili. Ukivipanga vyote siku moja utavisahau vyote.

Vitufe vingi, kwa njia, si uzushi wa wacheza gemu. Douglas Engelbart, mvumbuzi wa kipanya, alipokionesha hadharani San Francisco tarehe 9 Disemba 1968, kilikuwa na vitufe vitatu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kifaa cha vitufe vitano. Alishaona kwamba mkono unaweza zaidi ya kubofya.

Hatua ya 4: Uliza mipangilio inakaa wapi

Swali hili wauzaji wengi hawaulizwi, na ndilo linaloweza kukufanya ujute. Vitufe hupangwa kwa programu ya kampuni. Kwenye vipanya vya ofisini vingi mipangilio inabaki ndani ya kompyuta: ukichomeka kipanya kwenye kompyuta nyengine, vitufe vinarudi vilivyokuwa. Kwenye vipanya vingi vya gemu, G502 ikiwemo, mipangilio inahifadhiwa ndani ya kipanya chenyewe.

Ukifanya kazi kwenye kompyuta ya taasisi, ambayo huruhusiwi kutia programu, chukua chenye kumbukumbu ya ndani. Kipange nyumbani kwenye laptopu yako, nenda nacho kazini kikiwa tayari. Usijali kinavyoonekana cha kitoto, taa zinazimika.

Wenye Windows wanaweza pia kutumia X-Mouse Button Control, programu ya bure inayopanga vitufe vya kipanya cha kampuni yoyote, ingawa idadi ya vitufe inavyovitambua ina mpaka. Wa Linux wanayo Piper, inayokubali vipanya vingi vya gemu. Hakikisha jina la kipanya chako limo kabla ya kulipa.

Hatua ya 5: Waya au bila waya

Waya hauna betri wala kipokezi cha kupotea. Hufia pale unapoingia kwenye kipanya, ukipindwa pindwa. Anayekaa meza moja siku zote asione haya kununua cha waya. Kwa bei hiyo hiyo atapata swichi bora kuliko za kipanya kisicho na waya.

Kwa visivyo na waya, uliza habari ya kipokezi kile kidogo cha USB. Kikidondoka kwenye boti ya Dar, je, utapata kingine? Vya Logitech vya aina ya Unifying na Bolt vinaweza kununuliwa peke yake na kuunganishwa upya, ila usichanganye: MX Master 3S inakwenda na Bolt, haikubali Unifying. Kwa vipanya vingi vya bei rahisi, kipokezi kikipotea kipanya kimekufa. Bora ni chenye kipokezi na Bluetooth pamoja.

Kama mshale unakatakata, usikimbilie kumrudia muuzaji. Tundu la USB 3 likiwa na diski linaweza kuvuruga mawimbi ya kipokezi kilicho jirani. Hamishia kipokezi upande mwengine wa kompyuta, au tumia waya mfupi wa USB kukisogeza mbali.

Meza nayo ina neno. Ofisi nyingi za mjini zina meza za kioo, na kipanya cha kawaida hakioni kitu juu ya kioo safi. Teknolojia ya Logitech iitwayo Darkfield husoma kioo chenye unene wa milimita 4 na zaidi. Au tandika kitambaa cha kipanya, ufumbuzi wa bei ndogo zaidi kuliko wote, na kinazuia pia mchanga kusaga vile vipande laini vya chini.

DPI, kwa kuwa utaulizwa: ni kipimo cha mshale unakwenda umbali gani kwa kila inchi ya mkono. Kwa kioo cha kompyuta cha nukta 1920 kwa 1080, kati ya 800 na 1600 inatosha. Zile 25,600 za G502 Hero hutazitumia.

Hatua ya 6: Dukani

Nenda na laptopu yako, yenye programu ya kampuni imeshatiwa. Hii ndiyo silaha. Utamuuliza muuzaji, "Kaka, hii orijino?" na atakujibu, "Orijino mtu wangu, imetoka Dubai." Huenda anaamini asemavyo. Chomeka. Programu ya kampuni ikishindwa kukitambua kipanya kilichoandikwa jina lake, umeshapata jibu bila kugombana na mtu.

Kisha fungua jalada lolote na ubofye picha mara moja moja, polepole, mara thelathini hivi. Ikifunguka hata mara moja, swichi inabofya mara mbili, kataa. Buruta picha kutoka kona hadi kona. Shusha ukurasa mrefu kwa gurudumu, angalia kama unaruka juu. Bonyeza vitufe vya ubavuni ndani ya kivinjari. Tikisa kipanya karibu na sikio: kisilie. Muuzaji anayekukatalia kufanya haya, duka la pili haliko mbali.

Makubaliano ya kurudisha yaandikwe kwenye risiti, kwa siku. Ukimwagiza mtu Kariakoo akuletee kwa boti, elewana naye mapema nani atalipa gharama ya kukirudisha kikiwa kibovu.

Hatua ya 7: Kikishakuwa chako

Kifute kila wiki kwa kitambaa chenye unyevu wa spiriti kidogo, si maji. Usiku kitie kwenye mfuko au droo pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kikali kwenda nje, kiache ndani ya begi mpaka kipate joto, maana kitu baridi kikikutana na hewa yetu hutoka jasho, na jasho hilo linaingia ndani.

Kikianza kubofya mara mbili, mpelekee fundi anayejua kulehemu vitu vidogo, yule yule anayebadilisha tundu la kuchajia simu. Kazi si kubwa. Skrubu mara nyingi zimefichwa chini ya vipande vya kutelezea, hivyo agiza vipande vipya mapema, kwa kuwa vya zamani vikibanduliwa havikai sawa. Mwambie abadilishe swichi ya kushoto na ya kulia kwa pamoja, za aina moja, la sivyo vidole vitahisi vitufe viwili visivyofanana. Na kama swichi mpya hazijafika kutoka Dar, anaweza kutoa swichi ya kitufe usichokitumia akaihamishia kushoto, ikiwa ni za umbo moja. Hapo hata kitufe cha kumi na moja kinapata kazi.